Wafungwa wa Sukulu

Ukisimama Malaba upande wa Kenya, penye foleni ya malori, Mwamba wa Tororo unauona ng'ambo, Uganda, bila kuutafuta. Watu wa mpakani wanaujua kwa saruji, maana chokaa ya Tororo imekuwa ikisagwa tangu miaka ya 1950. Vilima vya Sukulu, jirani yake, havina umaarufu huo, ilhali udongo wake una kisa kinachowahusu wataalamu wa taka za nyuklia.

Tororo na Sukulu ni mizizi ya volkano zilizozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Mwamba wake ni kabonatiti, chokaa iliyopanda kutoka chini ikiwa uji wa moto. Jina hilo lilitolewa mwaka 1921 na Mnorwe W. C. Brøgger, na kwa miongo kadhaa wengi walilikataa wazo lenyewe: chokaa iyeyuke vipi? Ubishi ulififia baada ya mwaka 1960, Oldoinyo Lengai ya Tanzania ilipotema lava ya kabonatiti.

Mvua iliila chokaa ya Sukulu pole pole. Kilichobaki mabondeni ni udongo mwekundu wenye magnetiti, apatiti ya kutengenezea mbolea, na punje za pirokloro, vijiwe vya pande nane visivyozidi chembe ya mchanga. Pirokloro hubeba niobiamu, kalsiamu, na kiasi kidogo cha urani na thoriamu. Ayoni za urani na thoriamu zinakaribiana kwa ukubwa na za kalsiamu, hivyo fuwele ilipokuwa ikijijenga zilikalia viti vya kalsiamu na kufungiwa humo. Mwamba umeoza, wafungwa wangalimo.

Gereza hilo lina udhaifu wake. Brøgger huyohuyo, mwaka 1893, alikwisha kuyapa jina madini ambayo kwa nje yana umbo la fuwele ilhali ndani yamevurugika kama kioo. Baadaye ikajulikana kuwa ni kazi ya mionzi: kila atomu ya urani inapovunjika huwapiga kikumbo majirani zake.

Mwaka 1978 Wafaransa walianza, huko Marcoule, kuyeyusha taka kali za nyuklia pamoja na kioo. Mwaka huohuo Ted Ringwood, mwanajiokemia wa Australia, alipendekeza njia nyingine. Hakukiamini kioo mbele ya maji moto ya chini ya ardhi, akaona heri kuiga madini ambayo tayari yamestahimili. Mwamba wake wa tanuru, Synroc, una holanditi ya kushika sesiamu, perovskaiti ya strontiamu, na zirkonolaiti, ndugu wa pirokloro, ya urani na plutoni. Kioo ndicho kilichotawala, na si ajabu, kwani kilitangulia kuingia kiwandani.

Kenya haijahitaji ufundi huo. Taka zake nururishi ni hasa vyanzo vya mionzi vilivyochakaa kutoka hospitali na viwanda, navyo huhifadhiwa Oloolua, karibu na Ngong. Lakini Uganda imepanga kinu cha nyuklia Buyende, na Kenya imeigeukia Siaya, kaunti inayopakana na Busia, kaunti ya Malaba. Fueli inayotoka kinuni huwa na plutoni-239, ambayo huchukua takriban miaka 24,000 kupungua kwa nusu. Wenye mipango hiyo watalazimika kusema itafungiwa ndani ya nini.