Trela la kukunja la umbo la A kwa kambi ya familia: mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa

Kila miezi ya joto ikikaribia huku Marekani, swali linakuwa lile lile: "Kaka, nataka niwe natoka na watoto kwenda kambi, mahema yamenichosha, RV kubwa siiwezi, ninunue nini?" Wengi wakishaona picha ya lile trela dogo linalokunjuka na kuwa kama kibanda chenye paa la mgongo wa tembo, basi, moyo umeshakwenda. Mimi na mama watoto tunalitumia la aina hiyo na watoto wawili, kwa hiyo nimeona niweke yote hapa mahali pamoja. Wabeba boksi wenzangu, pesa zetu zina jasho, tusizitupe.

NI KITU GANI HASA

Ni trela lenye paa la vipande viwili vigumu. Likiwa limefungwa ni kama sanduku pana la kimo cha futi 5 hivi. Ukifika unafungua vikamatio, unainua vipande vya paa, vinaegemeana juu kama herufi A, halafu unasimamisha kuta mbili za pembetatu za ubavuni. Kwa aliyezoea ni kazi ya dakika chache, na mtu mmoja anaiweza kwa sababu kuna springi au mikono ya gesi inayosaidia kunyanyua. Kuta ni ngumu, si turubai. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na yale matrela mengine ya kukunja yenye vitanda vinavyotokeza nje chini ya turubai.

Majina utakayokutana nayo sana, hasa kwenye soko la mitumba, ni Aliner, Chalet, Rockwood na Flagstaff. Hayo mawili ya mwisho yametoka kampuni moja, Forest River ya Indiana, na mara nyingi yanafanana kama mapacha, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya jina.

ANZA NA WATU, SI TRELA

Hapa ndipo familia zetu zinapokwama. Tangazo litasema "linalaza watu wanne". Maana yake ni kitanda kimoja upande mmoja, na upande wa pili meza inayogeuzwa kuwa kitanda. Juu katikati kuna nafasi ya kutosha kusimama, lakini paa linashuka pande zote mbili, yaani ukiamka usingizini haraka utagonga kichwa. Baba, mama na watoto wawili wadogo, safi kabisa. Watoto wakishafika umri wa miaka 12 au 13, mmoja ataanza kudai hema lake nje.

Kama mko watano au sita, na bibi amekuja kutembea, nasema ukweli: trela la A silo lenu. Angalieni la turubai lenye vitanda viwili vya kutokeza nje, linalaza zaidi kwa uzito usiopishana sana. Msimnunulie bibi kitu cha kumfanya alale amejikunja kama samaki kwenye kopo.

Kipimo changu ni rahisi. Ingieni wote ndani kwa muuzaji, shusheni meza iwe kitanda, laleni dakika 15. Kisha mmoja ajifanye anakwenda chooni usiku. Mtajua wenyewe.

UZITO: HAPA HAKUNA MZAHA

Jambo hili ndilo linaloua watu barabarani, kwa hiyo soma taratibu.

Matrela mengi ya A yakiwa matupu yana uzito wa kati ya paundi 1,500 na 2,500 (kilo 680 hadi 1,130). Ule ni uzito wa kwenye tangazo. Betri, mtungi wa gesi, maji, vyombo, vyakula na mablanketi havimo. Galoni moja ya maji ina paundi 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 15 likijaa ni paundi 125 hivi. Mtungi mdogo wa kawaida wa gesi ukijaa ni karibu paundi 37. Ongeza na sufuria zetu zile, maana Mswahili haendi kambi na kikaango kimoja. Trela la paundi 1,900 linafika 2,500 bila wewe kuhisi.

Sasa rudi kwenye gari lako. Toyota Sienna na Honda Odyssey, magari ambayo familia zetu nyingi zinayo, yana ukomo wa paundi 3,500 yakiwa yamefungwa vifaa vinavyotakiwa. RAV4 nyingi za petroli ni paundi 1,500 tu, isipokuwa matoleo machache yaliyotengenezwa kuvuta zaidi. Usiulize mshikaji, soma kitabu cha gari lako mwenyewe, toleo lako na mwaka wako.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji wengi hawakuambii. Sehemu ya uzito wa trela inakaa juu ya gari lako pale linapounganishwa. Inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela lililopakiwa. Ikipungua, trela linaanza kuyumba mkia kwenye barabara kuu. Ikizidi, gari linakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi. Kwa trela la paundi 2,500 hiyo ni paundi 250 hadi 375, na zinahesabiwa kama mzigo wa gari pamoja na watu.

Mfano: stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva inasema watu na mizigo visizidi paundi 1,200. Familia ni paundi 600. Uzito wa trela unaokaa kwenye gari ni 300. Zimebaki 300 kwa kila kitu utakachoweka ndani ya gari, pamoja na ile baiskeli ya mtoto na friji la barafu. Unaona zinavyoyeyuka?

Mizigo mizito ndani ya trela iweke karibu na ekseli au mbele yake kidogo. Usiipange yote nyuma.

BREKI, TAIRI NA MWENDO

Sheria za breki za trela zinatofautiana kwa jimbo. Majimbo mengi yanadai breki kuanzia paundi 3,000, lakini California ni 1,500. Ushauri wangu: hata kama jimbo lako halikulazimishi, chukua lenye breki za umeme. Kwenye mteremko ukiwa na watoto nyuma, sheria haitakusimamishia gari. Breki hizo zinahitaji plagi ya pini 7 na kidhibiti ndani ya gari. Plagi ya pini 4 ni ya taa tu, kwa hiyo gharama ya kufunga nyaya iingize kwenye bajeti.

Tairi za trela zinaandikwa ST na huzeeka kabla ya kuisha meno. Tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikishapita miaka 5 au 6, mimi nabadilisha hata kama zinang'aa. Baadhi zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, na California ukiwa unavuta trela ukomo ni 55. Wanaokupita waache wapite.

JIKO NA HEWA

Ndani utakuta jiko la gesi la moto miwili, sinki, na kwenye mengi friji linalotumia gesi au umeme. Ugali na mboga vinapikika. Ila pilau na samaki wa kukaanga pikeni nje, maana nafasi ni ndogo na harufu inaingia kwenye magodoro hadi safari ijayo.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: USIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI, hata kwa kupasha moto tu, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo. Nyumbani tumezika watu kwa sababu ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na kichumba hiki ni kidogo kuliko chumba chochote ulichowahi kulala. Jiko la gesi nalo ni la kupikia, si la kuotea moto. Hakikisha kuna kengele ya kaboni monoksidi na ya gesi inayovuja, bonyeza kitufe usikie, kisha geuza uangalie tarehe, maana zina mwisho wake.

KWENYE NCHI YA DUBU

Kuta ngumu zina faida ambayo wengi hawaijui. Kwa mfano Fishing Bridge, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, hawaruhusu mahema wala matrela ya turubai kwa sababu ya dubu. Trela la A lenye kuta ngumu kwa kawaida linahesabiwa kuwa gumu, lakini yapo matoleo yenye madirisha ya kuinuka yaliyozungushiwa turubai. Kama lako ni la hivyo, uliza kabla hujalipia nafasi. Na kuta ngumu si ruhusa ya kuacha nyama mezani usiku.

Upepo nao una lake. Ukiinua paa wakati wa upepo mkali, kipande kinaweza kunyakuliwa mikononi mwako. Subiri utulie, au simamisha gari lako upande wa upepo. Watoto wakae mbali wakati wa kufungua na kufunga, vidole vinabanwa.

UKINUNUA LA MKONONI

Adui namba moja ni maji. Paa likiunganishwa kwa ufito wa mpira juu, mpira huo ukizeeka maji yanapenya, na sakafu ni mbao. Nilikwenda kuangalia moja lililopigwa picha nzuri sana, tangazo linasema "kama jipya". Nikakanyaga kona karibu na kitanda, sakafu ikabonyea kama mkate wa boflo. Nikashukuru, nikaondoka. Kwa hiyo:

1. Kanyaga kona zote kwa uzito wako. Inua magodoro, fungua makabati, nusa. Harufu ya ukungu haidanganyi.
2. Nenda siku ambayo mvua imenyesha, au omba mpira wa maji umwagie juu.
3. Fungua na funga paa wewe mwenyewe, mara mbili. Likikushinda leo, litakushinda na kwenye giza.
4. Washa kila kitu: jiko, friji, hita, pampu ya maji, taa zote. Friji la gesi linachukua masaa kupoa, kwa hiyo mwombe muuzaji aliwashe tangu jana yake.
5. Linganisha namba ya chasisi na hati ya umiliki. Hakikisha hakuna benki inayolidai. Kisha litafute kwenye tovuti ya NHTSA uone kama kiwanda kiliyaita matrela hayo kurekebishwa.
6. Uliza jinsi lilivyotunzwa baridi. Maji yakiganda ndani ya mabomba yanayapasua, na ufa huonekana mwezi wa tano.

Mengi mapya yanauzwa kati ya dola 15,000 na 30,000 kutegemea ukubwa na vikorombwezo. Muuzaji atakukopesha kwa miaka 10 au 15 ili malipo ya mwezi yaonekane madogo. Zidisha mwenyewe uone jumla, na kumbuka bei ya trela inashuka mapema kuliko deni. Bora la mkononi zima, la pesa taslimu. Bora zaidi, kodi moja wikiendi mbili kwanza. Kama familia haikufurahi siku mbili, haitafurahi miaka 15.

Usisahau pa kuliweka. Apatimenti nyingi haziruhusu trela kwenye maegesho. Uzuri wa hili ni kwamba likifungwa laweza kuingia kwenye gereji ya kawaida ya nyumba, ila pima urefu wake pamoja na mkono wa kuvutia, si sanduku peke yake.

VIPI NIKILIPELEKA BONGO?

Wapo wanaouliza. Kwanza, mlango wake uko upande wa kulia, kwa sababu huku tunaendesha kulia. Tanzania na Kenya ukisimama pembeni mwa barabara, mtoto anashukia kwenye magari. Pili, umeme wake ni wa volti 120, nyumbani ni 230. Tatu, magurudumu madogo na ekseli ya barabara ya lami hazitaipenda njia yenye makorongo. Kwa mbugani nyumbani, hema la juu ya Land Cruiser linakufaa zaidi. Liuze huku, nenda na pesa.

KWA KIFUPI

Watu wanne au pungufu, gari linaloweza kuvuta angalau paundi 3,500, sakafu kavu, tairi changa, breki zinazofanya kazi na kengele inayolia. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, usiondoke na trela siku hiyo. Matrela yapo mengi, kila mwezi wa tisa na wa kumi watu wanayauza kwa bei ya kukubalika baada ya msimu.

Wenye uzoefu zaidi, hasa mlio Canada kwenye baridi kali, ongezeeni hapo chini ili wengine wafaidike. Naomba kuwasilisha.