Dawa ya zizini, macho ya Kyela na chungu cha pombe

Mwenye ng'ombe wa Kyela akitaka kuua minyoo tumboni mwa mnyama wake na kuondoa ukurutu kwenye ngozi, anaweza kuuziwa dukani chupa ya sindano yenye ivamektini. Siku ya kingatiba, mgawa dawa wa kijiji humsimamisha mtu huyo huyo kando ya fimbo yenye alama, akampima kimo na kumhesabia vidonge: mtoto aliyefika sentimita 90 kimoja, mtu mzima mrefu vinne. Vidonge hivyo navyo ni ivamektini. Dawa ni moja, ila imefika kwenye zizi na kwenye kiganja cha mwenye zizi kwa njia mbili tofauti. Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, wanasayansi wa Marekani wamekuwa wakijaribu kuifungulia njia ya tatu, ya kutibu ulevi.

Kilichoileta dawa hii Kyela ni mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kwa kasi kutoka nyanda za juu za Rungwe na safu ya Livingstone, ikigonga mawe na kutoa povu, kabla ya kutulia kwenye tambarare ya mpunga na kumwagika Ziwa Nyasa. Usubi, kile kiinzi cheusi chenye mgongo wa nundu, hutaga mahali penye maji ya kasi kwa sababu mabuu wake hawaishi kwenye maji yaliyotuama. Jike huuma mchana, wakati watu wako mashambani au mtoni. Akiwa amebeba vimelea huacha mwilini mbegu ya mnyoo unaoweza kuishi miaka 10 hadi 15 ndani ya vinundu chini ya ngozi, ukizaa mamilioni ya vinyoo visivyoonekana kwa macho. Vinyoo hivyo ndivyo vinavyowasha hadi mtu akajikuna kwa kigae, vinavyobandua rangi ya miguu ikabaki na mabaka, na vikifika jichoni, baada ya miaka mingi, hupofusha. Wataalamu huita eneo lote hili, yaani Rungwe, Busokelo, Kyela na Ileje, kitovu cha Tukuyu.

Mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani walipokuwa na kituo chao cha Langenburg ufukweni mwa ziwa, alikuwepo huku daktari wa jeshi aitwaye Friedrich Fülleborn. Alizunguka Unyakyusa na Ukinga, akapiga picha, akapima watu kwa namna ambayo leo isingekubalika, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kinene kuhusu nchi za Nyasa na Ruvuma. Baadaye, akiwa Hamburg, akawa bingwa wa minyoo ya jamii ya filaria, ukiwemo huu wa usubi. Elimu yake haikumsaidia mtu wa mtoni kwa lolote, kwani tiba haikuwepo.

Hata ilipopatikana, ilikuwa tiba ya kuogofya. Suramini ilidungwa mshipani, na sumu yake iliweza kuumiza figo. Diethilkabamazini iliua vinyoo kwa mkupuo, na mgonjwa akashikwa na homa na kuvimba. Kwa wengine macho yaliyokuwa yanatibiwa yaliharibika zaidi. Kenya iliamua kumfuata mdudu badala ya mnyoo. Katika miaka ya 1940 na 1950, James McMahon na wenzake walimwaga DDT katika mito ya Nyanza hadi usubi wa huko ukatoweka.

Jibu lilitoka kwa wanyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato, Tokyo, alikuwa na desturi ya kuchota udongo popote anapopita ili kutafuta vijidudu vinavyotengeneza kemikali zenye manufaa. Udongo wa Kawana, karibu na uwanja wa gofu, ulitoa bakteria mmoja aliyepelekwa kwenye maabara za kampuni ya Merck, jimbo la New Jersey. Huko William Campbell, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland, alikuwa akipima kila kilicholetwa kwa kuwalisha panya wenye minyoo. Panya waliokula mchuzi wa bakteria wa Kawana walipona. Kutoka humo ikatengenezwa ivamektini, ikaingia sokoni mwaka 1981 kwa ajili ya ng'ombe, farasi, kondoo na nguruwe, na haikuchukua miaka mingi kuwa miongoni mwa dawa za mifugo zenye mauzo makubwa kuliko zote duniani.

Daraja la kwenda kwa binadamu lilikuwa farasi. Farasi ana mnyoo wake wa ukoo mmoja na ule wa usubi, na dawa ilipofuta vinyoo kwenye ngozi yake, Campbell aliwaandikia wakubwa wake akipendekeza ijaribiwe kwa watu. Jaribio lilianza mwaka 1981 mjini Dakar, likiongozwa na Mohammed Aziz, daktari wa Merck mwenye asili ya Bangladesh aliyewahi kufanya kazi Afrika na kuujua ugonjwa huu. Aziz alianza na kipimo kidogo mno, akapandisha taratibu, akikata vijipande vya ngozi kuhesabu vinyoo. Vilipungua karibu kuisha, na macho hayakuumia. Napenda uangalifu huo. Dawa ilikuwa imeshajaribiwa kwa wanyama, lakini Aziz hakuruhusu hilo liwe ushahidi wa kutosha kwa mtu hata mmoja.

Oktoba 1987 Merck ilitangaza kuitoa bure, kwa jina la Mectizan, kiasi chochote kitakachohitajika kwa muda wowote utakaohitajika. Ukarimu huo ulisifiwa, na ulistahili. Lakini tusisahau nani alilipa. Wafugaji wa Marekani, Ulaya na Australia, pamoja na wenye mbwa waliokuwa wakinunua kinga ya minyoo ya moyo, walikuwa wameshairudishia kampuni gharama zake, na mkulima wa bonde la Kiwira hakuwa mteja ambaye mtu angetarajia kumtoza. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba.

Tanzania iliingia kupitia mpango wa Afrika wa kudhibiti ugonjwa wa usubi ulioanzishwa mwaka 1995, na vijiji vya kitovu cha Tukuyu vilianza kugawiwa dawa kwa utaratibu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkutano wa kijiji huchagua mgawaji wake, mtu anayejua nyumba gani ina mjamzito na nani amelala kitandani mgonjwa, kwa sababu hao hawapewi. Mnyoo mzima hauuawi. Dawa hufuta vinyoo na kumfunga jike uzazi kwa miezi kadhaa, ndiyo maana fimbo inarudi kila mwaka. Mwaka 2015 watafiti walipima damu za watoto na kuwachunguza usubi wenyewe katika kitovu hiki ili kuona kama maambukizi bado yanaendelea. Dawa hiyo hiyo, ikiambatanishwa na albendazoli, ambayo nayo ilianzia kwa mifugo, hutumika nchini dhidi ya matende na mabusha tangu kisiwa cha Mafia kilipofungua kazi mwaka 2000. Kyela ni mahali pa matende pia: utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2016, uliofanywa humu na kituo cha NIMR cha Mbeya pamoja na wenzao wa Munich, ulionyesha kuwa wenye mnyoo wa matende waliambukizwa VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nao.

Sasa pombe. Huwezi kuandika historia ya Unyakyusa ukaruka chungu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu jinsi wanaume wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe na kuona kula na kunywa pamoja kuwa ndiyo utu. Kimpumu cha ulezi, kinachoongezwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija na watu waliozunguka chungu kimoja, ni pombe ya kikao. Huwezi kuinywa kwa siri wala kwa haraka. Gongo si hivyo, na viroba havikuwa hivyo. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa imeona vijana wakinywa konyagi ya mfukoni asubuhi, peke yao. Kwa maoni yangu tofauti hiyo, ya kunywa kikaoni na kunywa peke yako, inaeleza mengi kuliko kiwango cha kilevi kilichoandikwa kwenye chupa. Lakini aliyekwisha kunaswa hasaidiwi na maelezo ya mila.

Wazo la kumtibu mlevi kwa dawa ya minyoo linachekesha mpaka ukumbuke kuwa dawa ya kwanza kabisa ya ulevi ilipatikana hivyo hivyo. Mwaka 1947 huko Copenhagen, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakiichunguza disulfiramu, kemikali iliyojulikana katika viwanda vya mpira, kama dawa ya minyoo ya tumbo. Kwa ushujaa wa wakati ule walivimeza vidonge wenyewe ili kuona kama vina madhara. Hawakuona kitu, hadi walipokunywa pombe: uso ukawaka, moyo ukaenda mbio, kichefuchefu kikafuata. Dawa ilikuwa imezuia ini kuimaliza sumu inayotokana na kilevi. Ikaitwa Antabuse, na Marekani ikaipa kibali mwaka 1951. Hamu ya pombe haiondoi, humwogopesha tu mnywaji, na mwenye moyo dhaifu inaweza kumuua.

Ivamektini inaahidi kitu cha namna nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Southern California, Daryl Davies na wenzake walikuwa wakichunguza vipokezi vya seli za ubongo viitwavyo P2X4, ambavyo kilevi huvizubaisha. Mwaka 2010 walionyesha kuwa ivamektini huvizindua. Mwaka 2012 wakatoa matokeo ya panya waliowekewa chupa mbili, ya maji na ya maji yenye pombe: waliodungwa ivamektini walipunguza kunywa pombe.

Hapo ndipo mtu wa Kyela angeuliza: mbona sisi tunaimeza kila mwaka na vilabu bado vimejaa? Ni swali halali, na jibu liko kwenye vipimo. Kingatiba ni mikrogramu 150 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa mwaka. Panya walipewa kati ya miligramu 1.25 na 10 kwa kilo, yaani takriban mara 8 hadi 67 ya kipimo hicho, ingawa mwili wa panya na wa mtu hailinganishwi moja kwa moja. Pia ubongo una mlinzi, protini inayoitoa ivamektini nje kila inapojaribu kupenya. Mbwa wa aina ya koli, ambao wengi wao wana kasoro katika mlinzi huyo, huweza kufa kwa kipimo ambacho mbwa wengine hawakihisi. Usalama wa dawa hii na kizuizi chake vinatoka mahali pamoja.

Watafiti wa Los Angeles walilijaribu suala hili kwa watu na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Wanywaji 11 waliokuwa na tatizo la pombe walipewa miligramu 30, kisha wakawekewa kilevi mshipani. Hakuna aliyedhurika, lakini hamu haikupungua. Kwa watu 11 huwezi kufunga mjadala wala kuanza kuuza dawa. Nigeria nako watafiti walikwishaonyesha, mwaka 2000, kwamba aliyemeza ivamektini kwa bia alikuwa nayo nyingi zaidi katika damu kuliko aliyemeza kwa maji, jambo ambalo mgawa dawa anayepita jirani na kilabu ana haki ya kulijua.

Kwa hiyo chupa ya sindano ya zizini ibaki zizini. Ina miligramu 10 katika kila mililita, imepangiwa mililita moja kwa kilo 50 za ng'ombe, na mtu akinywa mafunda mawili hajajitibu kitu. Wakati wa korona, Wamarekani kadhaa walijaribu dawa za farasi wakaishia hospitalini. Huko huko, zailazini, dawa ya kulaza wanyama, imechanganywa na wauza unga katika bidhaa zao na kuwaachia waraibu vidonda vibaya, hata Ikulu ya Marekani ikaitangaza kuwa tishio mwezi Aprili 2023. Mnywaji wa kila siku asiache ghafla nyumbani pia, maana degedege na kuweweseka kwa kukosa pombe huua, aanzie hospitali. Dawa zilizothibitishwa zipo, naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023.

Davies na wenzake hawakuishia kwenye ivamektini. Mwaka 2017 walichapisha kazi kuhusu ndugu yake, moksidektini, nayo dawa ya mifugo, inayopenya ubongo vizuri zaidi na kukaa mwilini kwa wiki kadhaa; panya wakapunguza kunywa tena. Mwaka uliofuata, Juni 2018, Marekani iliiruhusu moksidektini kwa binadamu, baada ya majaribio yaliyofanyika Ghana, Liberia na Kongo. Iliyoomba kibali ni taasisi ya Australia isiyotafuta faida, na kibali chenyewe ni cha usubi. Hakuna nchi iliyoipitisha kwa ulevi, na jaribio kubwa la wanywaji linahitaji mtu wa kulilipia. Kwenye usubi ng'ombe na mbwa walikwishalipa. Kwenye ulevi mlipaji wa namna hiyo hayupo. Moksidektini ikifika siku moja kwenye mabonde ya Kiwira na Lufilyo, inaelekea itakuja kwanza mikononi mwa mgawa dawa, kwa ajili ya vinyoo.