Gugu maji: adui wa ziwa mwenye mizizi inayonasa sumu

Katika uchaguzi wa mwaka 1937, vyama vikubwa vya Bengal, wakati huo chini ya Waingereza, viligombana kwa mengi, lakini ahadi moja vyote viliitoa: kulitokomeza gugu maji. Mmea huo wenye maua ya zambarau ulitoka bonde la mto Amazon na kusambazwa duniani na watu waliopenda kupamba mabwawa yao. Huko Bengal uliziba mito, ukazuia mitumbwi, ukavamia mashamba ya mpunga. Mwaka 1936 ilikwishatungwa sheria maalumu ya kupambana nao. Wakazi wa Kisumu, Mwanza na Port Bell, walioliona gugu hilo likitanda Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 hadi meli zikashindwa kutia nanga, hawahitaji kusimuliwa zaidi.

Ajabu ni kwamba sifa ile ile iliyolifanya gugu hili lichukiwe, yaani kukua upesi na kufyonza kila lililomo majini, ndiyo iliyowavuta wanasayansi. Katikati ya miaka ya 1970, Bill Wolverton, mtafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, katika kituo cha Bay St. Louis jimboni Mississippi, aliliweka gugu maji kwenye maji yaliyotiwa madini yenye sumu: risasi, zebaki, kadimi, nikeli. Mimea iliyanyonya kwa wingi, na sehemu kubwa ya madini ikabaki mizizini. Kazi hiyo haikuishia kwenye vyombo vya maabara. Kituo chenyewe kikaanza kusafisha majitaka yake kwa mabwawa yaliyojaa gugu maji.

Siri iko kwenye mizizi. Inaning'inia majini kama ndevu, haina haja ya udongo, na nyuzi zake nyembamba zinagusana na maji mengi. Kuta za seli zake zina sehemu zenye chaji hasi, na chembe za risasi au kadimi zikiwa majini zina chaji chanya, kwa hiyo hunasa hapo. Unasaji huo hauhitaji mmea uwe hai. Mzizi uliokaushwa na kusagwa unaendelea na kazi, na kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii, kwa kuwa unga unaweza kuwekwa kwenye ndoo nyumbani kwa mtu.

Hapo hadithi inarudi Bengal, ambayo sehemu yake ya mashariki sasa ni Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970, Bangladesh ilichimbiwa mamilioni ya visima vya pampu ili watu waache kunywa maji ya mabwawa yaliyowaua watoto kwa kuhara. Mwaka 1993 iligundulika kwamba maji ya vingi kati ya visima hivyo yana aseniki itokayo ardhini. Mwaka 2000, jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio kwamba watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini. Walikimbia kuhara, wakakutana na sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, wakiongozwa na Parvez Haris, walichukua mizizi ya gugu maji kutoka Dhaka, wakaikausha na kuisaga. Maji waliyoyajaribu yalikuwa na mikrogramu 200 za aseniki kwa lita. Ndani ya dakika 60 unga huo uliondoa zaidi ya asilimia 93, na kiasi kilichobaki hakikuzidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mmea ambao babu za Wabangladeshi waliahidiwa kuondolewa ulikuwa ukielea hatua chache kutoka kwenye visima vyenye sumu.

Lakini gugu haliangamizi sumu. Linaihamisha kutoka majini hadi mzizini. Mmea ukiachwa uoze, madini hurudi yalikotoka. Unga uliokwisha kutumika nao ni taka ya sumu, na anayeusambaza vijijini bila kusema utatupwa wapi amefanya nusu ya kazi.

Kwetu jambo hili si la mbali. Geita, Mara na Migori, wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukamatia dhahabu, na sehemu yake husombwa na mvua kutoka kwenye mialo ya kuchenjulia hadi mitoni, kisha ziwani. Ziwani humo gugu maji linavunwa kwa ajili ya mboji, lishe ya mifugo na gesi ya kupikia, na juhudi hizo ninaziunga mkono kwa moyo wote. Ila gugu lililovunwa karibu na mdomo wa mto utokao machimboni halifanani na lililovunwa kwingine. Mizizi yake ipelekwe maabara kupimwa zebaki na risasi kabla haijatandazwa kwenye bustani ya mchicha au kuwekwa mbele ya ng'ombe wa maziwa, na majibu wapewe kina mama na vijana wanaoivuna kwa mikono mitupu.