Mwewe na Kifaru Angani

Januari 2007 ndege ya Kimarekani aina ya AC-130 ilishambulia kusini mwa Somalia, karibu na mpaka wa Kenya. Waliokuwa wakiwindwa ni washukiwa wa milipuko ya Agosti 7, 1998, iliyoua watu 224 Nairobi na Dar es Salaam. Siku chache baadaye Wamarekani wenyewe walikiri kwamba washukiwa wakuu walikuwa bado hai. Mmoja wao, Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, aliishi miaka mingine minne. Aliuawa Mogadishu, Juni 2011, gari lake lilipofika usiku kwenye kizuizi cha askari wa serikali ya Somalia.

Nakikumbuka kisa hiki kila ninaposikia kwamba jeshi fulani la Afrika lina mpango wa kununua ndege mpya za mashambulizi. Mipango hiyo haikosekani. Uganda imechukua helikopta za Mi-28 kutoka Urusi. Kenya ilipokea MD 530F sita mwaka 2020. Aprili 2022 serikali ya Marekani iliidhinisha kuiuzia Nigeria helikopta 12 za AH-1Z. Magazeti hutupa idadi, bei na picha ya waziri amesimama mbele ya pua ya ndege. Jambo ambalo halisemwi ni kwamba kila ndege ya aina hii imezaliwa ndani ya mila fulani ya kupigana, na mila hiyo haifungwi kwenye kreti pamoja na mizinga.

Mila ya Kimarekani ni ya mwewe. Aliyefuga kuku anamjua: hashuki mara moja, huzunguka, hutazama, huzunguka tena. Desemba 1964, huko Vietnam, Wamarekani walichukua Dakota kuukuu ya kubebea mizigo, wakafunga bunduki tatu za rashasha upande wa kushoto, kila moja ikiweza kutema risasi hadi 6,000 kwa dakika. Rubani aliinamisha ndege kushoto na kuzunguka duara, na shabaha ikabaki pale pale katikati. Hakuna aliyeunda ndege mpya; kilichoundwa ni namna mpya ya kukaa juu ya mahali. Kisha ikaja AC-130, iliyotengenezwa kutokana na ndege kubwa ya mizigo ya injini nne, ikapewa vifaa vya kuona gizani, na baadaye mzinga wa milimita 105, ambao kwa kawaida ni silaha ya nchi kavu. Ndani yake wapo watu ambao kazi yao yote ni kutazama na kusikiliza redio za walio chini. Ukiipima kwa haki, hii ni ofisi ya macho na masikio iliyobeba mizinga.

Na mwewe ana udhaifu wake. Anayezunguka anaonekana. Januari 31, 1991, katika vita vya Khafji, Saudi Arabia, AC-130 moja ilibaki juu ya uwanja wa mapambano hadi kukapambazuka. Kombora liliifikia, na wote 14 waliokuwamo wakafa. Baya zaidi lilitokea Kunduz, Afghanistan, Oktoba 3, 2015. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wamekwisha kuwapa wanajeshi vipimo vya GPS vya mahali hospitali yao ilipo. Hata hivyo ndege iliipiga, ikazunguka, ikaipiga tena. Watu 42 walikufa, wagonjwa na wahudumu. Wachunguzi wa jeshi walieleza kwamba waliokuwa ndegeni walidhani hospitali ile ni jengo jingine. Macho ghali kuliko yote duniani yalitazama wodi yakaona ngome ya adui. Wanajeshi 16 walipewa adhabu za kiutawala, hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai, na waliofiwa wana haki ya kuona hiyo haitoshi. Lakini ripoti ilitolewa hadharani, ingawa imefutwafutwa, na makosa yakaelezwa hatua kwa hatua. Jambo hilo pia ni sehemu ya mila, na kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko mzinga.

Mila ya Kisovieti ni ya kifaru, na hapa Kiswahili kinatusaidia, maana kwetu neno hilo ni la mnyama na ni la mtambo wa vita. Mi-24, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969, ni kifaru kilichooteshwa mabawa. Ina deraya, inabeba roketi na mizinga, na tumboni mwake wanaenea askari wanane. Haizunguki ikisubiri, inakuja kwa kasi, inapiga, inapita. Iliundwa kwa ajili ya vita vya majeshi makubwa, ambako aliye mbele yako hana shaka ni adui. Imeenea Afrika kwa sababu inavumilia vumbi, bei yake ya mtumba inafikika, na muuzaji hana maswali mengi.

Kifaru hiki ni kizito, na hewa nyepesi ya milimani na penye joto humnyima rubani nguvu anayoihitaji. Agosti 2012 Uganda ilituma Mi-24 tatu zikasaidie vita dhidi ya al-Shabaab. Zilipaswa kuruka kutoka Entebbe kupitia Nanyuki hadi Garissa. Hakuna hata moja iliyofika Garissa wala Somalia. Zote tatu ziliangukia Mlima Kenya, na wanajeshi saba wakafa. Helikopta ya uchukuzi waliyokuwa nayo kwenye msafara ilifika salama. Hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja.

Karibu miaka minne kabla, Desemba 14, 2008, helikopta za Uganda zilipiga kambi ya kiongozi wa waasi Joseph Kony katika msitu wa Garamba, Congo. Askari wa miguu hawakuwa karibu kuziba njia. Kony akatoroka, na wapiganaji wake, katika siku za Krismasi, wakaua mamia ya wanavijiji wa Faradje, Doruma na Duru. Vijiji vile havikuwa na mtu wa kuvilinda, na kisasi kilijulikana kingekuja. Naamini hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika historia ya ndege hizi katika kanda yetu, na linazungumzwa kidogo mno.

Sitaki kueleweka kwamba ndege hizi hazifai. Waulize watu wa Rutshuru, mashariki mwa Congo. Waasi wa M23 waliichukua Goma Novemba 2012, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaunda kikosi maalumu cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Afrika Kusini ilileta Rooivalk, helikopta iliyoiunda yenyewe enzi za vikwazo vya silaha. Ni mila ya tatu, changa, ya kujitengenezea. Novemba 4, 2013, Rooivalk zilipiga ngome za M23 huko Chanzu. Kesho yake waasi wakatangaza kuweka silaha chini. Angani zilikuwapo helikopta chache tu. Chini walikuwapo jeshi la Congo, lililobeba sehemu kubwa ya vita, na wenzao wa kikosi kile, wakijua nani yuko kilima gani. Watanzania waliweza kuelewana na wanavijiji kwa Kiswahili. Pale Chanzu ndege ilipewa macho na watu wa ardhini, na ikafanya kazi.

Mwaka 2025 M23 waliirudia Goma. Safari hii Rooivalk hazikuwapo: ziliundwa 12 tu, na nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa zimekwama kwa uhaba wa fedha na vipuri. Januari mwaka huo Afrika Kusini ilipoteza askari 14. Nchi iliyoweza kuunda helikopta yake ilishindwa kuihudumia, na vijana wakaachwa bila kinga ya juu.

Ndiyo maana, katika ule mpango wa Nigeria wa AH-1Z, mimi husoma kwanza mstari ambao wengi huuruka. Thamani iliyotajwa ni dola milioni 997. Ndani yake dola milioni 25 ni za kufundisha jinsi ndege na askari wa ardhini watakavyofanya kazi pamoja, na jinsi ya kuchagua shabaha bila kuvunja sheria za vita. Ni kama dola 1 katika kila 40. Ni kidogo, lakini angalau imeandikwa, na mbunge anaweza kuidai.

Waheshimiwa mnaokaa kwenye kamati za ulinzi, Kampala, Nairobi, Dodoma na Kinshasa: mpango kama huu ukiletwa mezani, anzeni na kurasa za mafunzo, vipuri na uchunguzi wa makosa. Ulizeni nani atakuwa chini siku ndege itakapopiga, na nani atalala kijijini siku ya pili yake. Zikikosekana kurasa hizo, urudisheni mpango ulikotoka.