Ni Nani Mpiga Ngumi Mkuu?

Jioni moja hapa Mbeya tuliwakuta vijana wawili wakishindana kwa maneno, hata watu wakawazunguka. Mmoja alisema mpiga ngumi mkuu ni yule asiyeshindwa kamwe. Wa pili alisema ni yule aliyevaa mkanda wa dunia. Mzee mmoja, mwenyeji wa Iringa, aliwasikiliza kitambo, kisha akauliza, "Na Mkwawa je? Boma lake lilitekwa. Mbona twamwita shujaa?" Vijana wakanyamaza. Swali lile limekaa moyoni mwetu, nasi twapenda kulijibu, kwa maana watoto wetu huwaiga wale tuwaitao wakuu.

Kwanza na tuyatazame maneno ya mzee. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliwashambulia askari wa Wajerumani waliokuwa safarini, na mkuu wao, Zelewski, akauawa. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga lilitekwa. Mkwawa hakuwa na mji tena, hata hivyo aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka kufa kwake mwezi wa Julai 1898. Kama angalikufa siku ya pili baada ya Lugalo, tungalizijua nguvu zake tu. Miaka ile ya taabu ndiyo iliyotuonyesha moyo wake.

Vita si mchezo, wala mchezo si vita, lakini kipimo hicho chafaa kwa wapiga ngumi pia. Tumtazame John Mugabi, mzaliwa wa Uganda. Hata kufika mwaka 1986 alikuwa hajashindwa hata mara moja katika ngumi za malipo, na kila aliyepigana naye hakufika mwisho wa pambano. Ukihesabu tu, utasema hakuna wa kumpita. Lakini tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler, bingwa wa dunia. Wakapigana kwa ukali hata raundi ya 11, ndipo Mugabi akashindwa. Twauliza, watu walimjua Mugabi lini zaidi: alipokuwa akiwaangusha wengine upesi, au usiku ule? Twaona ni usiku ule. Hesabu ya ushindi ni kama hesabu ya magunia: haikuambii kama ndani mna mahindi au pumba.

Labda mtu atasema, "Basi ninyi mwasifu kushindwa." Sivyo. Joe Louis wa Marekani aliangushwa na Mjerumani Max Schmeling mwaka 1936, katika raundi ya 12. Mwaka uliofuata akaupata ubingwa wa dunia, na tarehe 22 Juni 1938 walipokutana tena alimshinda Schmeling katika raundi ya kwanza. Ubingwa ule aliushika mpaka mwaka 1949, akiutetea mara 25. Kushindwa si sifa. Sifa ni kazi ifuatayo kushindwa. Ndiyo maana husemwa, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Lakini kiko kipimo kigumu zaidi, nacho ni pale ngumi zisipoweza kumsaidia mwenyewe. Mwaka 1967 Muhammad Ali alikataa kuingia jeshini wakati wa vita ya Vietnam, kwa sababu ya imani yake. Akanyang'anywa ubingwa, wala hakupigana mpaka mwaka 1970, na miaka ile ilikuwa ya nguvu zake kamili. Mwaka 1974, mjini Kinshasa, aliurudisha ubingwa kwa kumwangusha George Foreman katika raundi ya 8.

Hayo yajulikana na wengi. Lisilokumbukwa sana ni safari yake ya Dar es Salaam, mwezi wa Februari 1980. Rais Carter alimtuma azishawishi nchi za Afrika zisiende kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa kuwa majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Rais Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari wakamwuliza kwa nini Marekani haikuziunga mkono nchi za Afrika mwaka 1976, zilipokataa kwenda Montreal kwa ajili ya mambo ya Afrika Kusini. Ali alikiri kwamba habari ile hakuijua, wala hakuficha shaka yake kwamba huenda anatumiwa kufanya jambo lisilo haki. Mtu aliyejiita mkuu kuliko wote alikubali kufundishwa mbele ya watu. Twaona siku ile, bila glavu mikononi, alikuwa mkuu sawasawa na usiku wa Kinshasa.

Wala hatusemi hakuwa na kosa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, akiwa na miaka 38, alirudi ulingoni, akapigwa sana na Larry Holmes hata watu wake wakalisimamisha pambano. Hakukoma mpaka Desemba 1981. Mwaka 1984 ikajulikana kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, utetemeshao mikono na kuuzuia ulimi. Yeye aliyelikubali neno la waandishi hakulikubali neno la mwili wake mwenyewe.

Basi, enyi vijana wa Mbeya na Iringa mnaotundika gunia la mchanga mtini na kulipiga mpaka jua linatua, hesabuni ushindi, lakini msiishie hapo. Ulizeni, alikutana na nani? Alipoanguka alifanya nini? Alipokosea aliambilika? Na ulizeni pia kama aliijua siku ya kuvua glavu, kwa maana mkanda hutundikwa ukutani, bali kichwa ndicho mtu arudicho nacho nyumbani kwa mama yake.