Padri Farler, kutoka Magila hadi Pemba

Anayetoka Tanga kuelekea milimani hupita Muheza, na karibu na Muheza, chini ya Usambara Mashariki, ipo Magila, ambayo wengi siku hizi huiita Msalabani. Hapo ndipo alipofika John Prediger Farler, padri Mwingereza, mwaka 1875, zaidi ya miaka kumi kabla ya bendera ya Kampuni ya Wajerumani kupandishwa Pangani. Tukisikia habari za walowezi wa Kizungu katika mkoa wa Tanga, haraka tunawaza mkonge, reli na mabwana shamba. Farler aliwatangulia wote hao. Hakuna serikali ya Kizungu iliyomgawia ardhi, maana haikuwepo. Alikaa kwa sababu wenyeji walimruhusu, nao walikuwa na sababu zao.

Sababu hizo zilianza Vuga, makao ya mfalme huko milimani. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Wakilindi, alitawala milima yote ya Usambara na nchi ya Bondei iliyo chini yake, na mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea huko mwaka 1848 na tena 1852. Kimweri alipofariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu wakagombea kiti. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki na marafiki wafanyabiashara, kwa hiyo alikuwa na nguvu kuliko mjukuu Shekulwavu aliyeketi Vuga. Vita hivyo vililipiwa kwa watu. Mateka waliteremshwa hadi Pangani, wakauzwa, na fedha ikarudi milimani ikiwa baruti. Wabondei, waliokuwa wakitozwa na kukamatwa na machifu wa Kikilindi, wakainuka mwishoni mwa miaka ya 1860 katika maasi yanayokumbukwa kwa jina la Kiva. Wakilindi wengi waliuawa au kufukuzwa, na Bondei ikabaki haina mtawala mmoja.

Katikati ya mtafaruku huo ndipo Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliyokuwa na makao yake Unguja, ilipotafuta mlango wa bara. Mmisionari wake Charles Alington alipanda Vuga mwaka 1867 kuomba ruhusa, na mwaka uliofuata kituo kikaanzishwa Magila. Kwa miaka kadhaa kilisuasua. Farler alipofika, alikuta watu wanaoogopa Semboja atarudi kulipiza kisasi, na wazee ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na sauti juu ya wengine.

Mgeni asiye na ukoo wala upande alikuwa na faida kwao. Walimletea mashauri ya madeni, ugoni na watu walioibwa. Naye, badala ya kuyakataa kama mambo ya dunia, aliyapokea. Alitaka Wabondei wawe kitu kimoja, na kidogo kidogo akawa anafanya kazi ya chifu akiwa amevaa kanzu ya padri. Wapo waliomsifu kwa hilo. Mimi naona wazee wa Bondei ndio waliokuwa werevu zaidi: walipata ngome dhidi ya Mazinde bila kumwinua jirani yeyote juu ya vichwa vyao.

Shule nayo ilikua kwa njia hiyohiyo. Vijana wa Kibondei walivushwa bahari kwenda kusoma Kiungani, Unguja, wakarudi kuwa walimu. Mmoja wa waliosoma huko, Petro Limo, baadaye alipewa upadri. Mwenzake Farler, Herbert Woodward, alikusanya maneno na sarufi ya Kibondei, kitabu kikachapishwa mwaka 1882. Juu ya jalada lipo jina la Woodward peke yake, lakini kila ukurasa ulitoka katika vinywa vya watu wa Magila.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ujuzi uliomletea Farler sifa kwao Uingereza. Mwaka 1879 makala yake kuhusu nchi ya Usambara ilitolewa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, na mwaka 1882 ikafuata nyingine, juu ya njia za misafara kutoka Pangani kwenda Umasaini na Ziwa Viktoria. Sehemu kubwa ya njia hizo Farler hakuzikanyaga. Aliwauliza waliozipita. Mtu aliyekwisha kwenda na kurudi na pembe aliweza kuitaja safari kambi kwa kambi: leo tunalala hapa, kuna mto, kesho hakuna maji, beba vibuyu, keshokutwa tunafika kwa Wamasai, toa hongo, shanga na seng'enge. Kiongozi wa msafara aliyesahau kisima kimoja aliua wapagazi wake, kwa hiyo kumbukumbu hii ilikuwa elimu ya kweli, iliyopimwa kwa uhai wa watu. Farler aliisikiliza, akaipanga, akaitia kwenye karatasi. Kazi hiyo ilikuwa na thamani, na heshima yake ni haki ya watu wa Pangani kabla ya mtu mwingine.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Jipe na kwenda mbele. Magila ikaangukia upande wa Wajerumani. Miaka miwili baadaye Pangani ikawaka moto: watu wa pwani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Wajerumani. Askofu Charles Smythies wa UMCA aliposhuka hapo katikati ya vita, umati ulitaka kumdhuru, na aliyemlinda ni Bushiri bin Salim, kiongozi wa maasi hayo mwenyewe. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Farler hatimaye aliiacha Magila, ila pwani hakuiacha. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mwaka huohuo Farler aliwekwa kuwa kamishna wa utumwa kisiwani Pemba. Kutoka Pemba hadi Tanga ni mwendo wa jahazi tu, na baadhi ya watu aliowakuta mashambani walitoka nyanda zilezile za bara alikokuwa akihubiri.

Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu duniani, na mavuno yake yalisimama juu ya mabega ya watumwa. Ndiyo maana amri ile ilikuwa na kamba mbili. Uhuru haukuja wenyewe, ilibidi mtu auombe. Na aliyeupata alipaswa kuonyesha ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka aliyofanya kazi.

Hebu tuifikirie safari ya mwombaji. Anaondoka shambani bila kuaga, anafika ofisini, anataja jina lake na la bwana wake. Kisha anaulizwa utaishi wapi, utakula nini. Nyumba anayolala ni ya bwana, muhogo anaoula umepandwa kwenye ardhi ya bwana. Jibu lililopendwa na ofisi ni mkataba: abaki shambani, apewe kibanda na kipande cha kulima, afanye kazi ya mwenye shamba kwa kawaida siku tatu kwa wiki. Zamani siku zake mwenyewe zilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Farler aliamini kwa dhati kwamba kazi ya karafuu ikisimama kisiwa kitaangamia, na mahuru wataangamia nacho. Ni dhati hiyo inayonisikitisha. Mtu aliyekuwa amejifunza Bondei kuwasikiliza wenyeji wakimweleza wanachokitaka, Pemba alikaa upande wa meza ambapo jibu lilikuwa limekwisha andikwa.

Wengi hawakwenda ofisini kabisa. Walikubaliana na mabwana zao wenyewe kwa wenyewe, wakazidai siku zao moja moja. Wengine wakahamia mjini, wakavua, wakachukua ukibarua wa kuchuma karafuu kwa malipo msimu ulipofika. Masuria waliachwa nje ya amri ya 1897, kwa hoja kwamba wao ni wake. Wao walisubiri hadi amri nyingine ya mwaka 1909.