Maji Magumu na Majani ya Mkunazi

Maji yenye chokaa nyingi hukataa sabuni: povu halitoki, utando hubaki kichwani, nywele hukakamaa, na kipande cha sabuni cha familia huisha upesi.

Tukumbuke, Mtume (s.a.w.) alipofiwa na binti yake, aliwaagiza wanawake wamwoshe kwa maji na majani ya mkunazi (sidr). Povu la majani hayo halishikani na chokaa. Shampuu zisizo za sabuni, zilizoanza miaka ya 1930, hufanya vivyo hivyo.

Tusiokuwa navyo, tukamue ndimu moja katika lita moja ya maji, tusuuze nywele, kisha tumalizie kwa maji ya mvua. Mwenye vidonda kichwani aache ndimu.